Kituo cha mdogo wangu kimetoka kwenye TV, sasa watu wananiletea nguo za mtoto. Wakirudi tuwaambieje?

DadaPembejeo_Uyole (mleta mada)

Wakuu, mugonile. Naomba ushauri, hasa wa waliowahi kufanya kazi kwenye televisheni na wenye ndugu wanaoishi vituoni. Maelezo ni marefu, mnivumilie.

Mdogo wangu wa kiume ana miaka 31. Ana ulemavu wa akili tangu utotoni. Anaishi kwenye kituo kimoja upande wa Isongole, kule mtu akitokea Kyela na shati moja anajuta. Si hospitali na si shule. Ni kama kijiji kidogo: nyumba nne, walezi wanalala humohumo na wakazi na wanakula chungu kimoja, kuna zizi la ng'ombe wa maziwa, shamba la viazi na chumba cha cherehani. Wakazi wote ni watu wazima, wengine wana mvi.

Mwaka huu kikaja kituo cha televisheni kurekodi. Sitakitaja, na wewe unayekijua naomba usikitaje. Nilifunga duka nikapanda Coaster kwenda kushuhudia. Siku ya kurushwa nikawaalika mpaka wateja.

Kilichotoka ni hiki. Kinanda cha msibani kuanzia mwanzo mpaka mwisho. Mtangazaji ananong'ona kama yuko wodini: "watoto hawa waliosahaulika". Mdogo wangu kwenye benchi, mikono mapajani, uso chini. Halafu picha ya karibu kabisa ya mdomo wake akinywa uji. Akaulizwa mlezi, akaulizwa mwenyekiti wa kamati, akaulizwa mchungaji, akaulizwa hata mama mmoja aliyekuwa anapita na kuni zake, ambaye naapa hajawahi kuingia getini. Wakazi hawakuulizwa hata mmoja. Mwisho ikatoka namba ya simu ya kuchangia, juu ya sura yake.

Sasa hilo benchi. Alikuwa anatoka bondeni na toroli limejaa mabingobingo, kijasho kinamtoka, anaimba. Wakamwambia weka toroli kule, vua gambuti, kaa hapa. Akakaa, maana ni mtu wa kusikia. Jua la saa nne lilikuwa linampiga machoni, akainamisha uso. Hiyo ndiyo "huzuni" mliyoiona sebuleni kwenu.

Mimi nauza pembejeo na dawa za mifugo, kwa hiyo mniamini kwenye hili: watu wachache sana Rungwe wanakamua kwa usafi kama yeye. Anaosha kiwele kwa maji ya uvuguvugu, anakausha, halafu matone ya kwanza ya kila chuchu anayachuruzisha kwenye kikombe cheusi na kukigeuzageuza kwenye mwanga. Akiona vibonge, maziwa ya ng'ombe huyo hayaingii kwenye keni, na hakuna wa kumshawishi. Wafugaji wenye vyeti ukutani wanaruka hatua hiyo, halafu wanakuja kwangu kununua dawa ya ugonjwa wa kiwele. Kuhesabu kwa namba hawezi. Wakampigia ubao ukutani wenye misumari, kila ng'ombe mstari wake, na kila lita moja anatundika kizibo cha soda. Jioni mlezi anasoma vizibo na kuandika kwenye daftari. Mpiga picha aliurekodi ubao ule, nilimwona kwa macho yangu. Kwenye TV haukuonekana hata kidogo.

Tangu siku hiyo, waliokuwa wakimpigia kelele "Fundi!" akija Uyole sasa wananishika bega na kunipa pole. Mama mmoja, mtu mwema kabisa, aliniletea mfuko wa nguo kwa ajili yake. Nikafungua: kaptula za mtoto wa darasa la kwanza na sweta lenye bata kifuani. Mdogo wangu anavaa kiatu namba 44.

Wamepiga simu tena. Wanataka kurudi kutengeneza kipindi cha nusu saa. Sisi ndugu tumegawanyika. Mwenyekiti anasema waje, maana magodoro na mabati yalipatikana kweli, siwezi kukataa. Mimi nasita. Tuwafungie geti? Tukiwaruhusu, masharti gani yanawezekana kwa watu wa TV? Na sheria inasemaje?

Mzee_wa_Mabatini

Nimekaa siti ya mbele na karanga zangu. Pole sana dada.

DadaPembejeo_Uyole

Mzee wangu shikamoo. Pole ndiyo hiyohiyo niliyoichoka. Leta hoja.

Kamera_Mbovu

Nimebeba kamera miaka mingi, Mbeya na Dar, sasa nafuga kuku. Nikwambie inavyokwenda bila kuwatetea.

Timu inaondoka mjini asubuhi na stori imeshaandikwa kichwani. Gari ni la kuazima, jioni linatakiwa kwenye mkutano wa mheshimiwa. Mtu anayesukuma toroli anataka kamera itembee naye, maiki ya kubana kwenye kola, na mtu wa kushika waya. Mtu aliyekaa kwenye benchi anataka stendi tu. Kwa hiyo kumkalisha mdogo wako kulianza kama uvivu. Dharau ilikuja baadaye, kwenye chumba cha kuhariri, ambako kijana asiyejua Isongole iko wapi anafungua folda ya muziki wa huzuni na kuumwaga juu ya picha.

Ubao wa vizibo nao najua ulivyokufa. Ile picha haijitoshelezi, inadai maelezo ya sekunde kama ishirini. Uso ulioinama haudai maelezo. Mhariri ana dakika zake chache, atachagua kipi?

Masharti. Usidai kukagua kipindi kizima kabla hakijarushwa, chumba cha habari chenye kujiheshimu hakikubali, na mtagombana bure. Dai yanayodaika, na yaandikwe na kusainiwa kabla kamera haijatoka kwenye begi: kila mkazi anarekodiwa akiwa kwenye kazi yake na nguo zake za kazi, anaulizwa yeye kwanza, mlezi anakaa pembeni kusaidia pale maneno yanapokwama, vyumba vya kulala na bafu hakuna kamera, umri unatajwa, namba ya kuchangia isikae juu ya sura ya mtu.

La mwisho ndilo watu wote wanalisahau. Picha hazifi. Zinaingia maktaba. Miaka mitano ijayo kuna habari ya bajeti ya watu wenye ulemavu, mhariri anatafuta picha za kujazia, anamvuta mdogo wako na uji wake. Andikeni kwamba picha ni za kipindi hicho tu, matumizi mengine mpaka waulize upya.

Mchaga_wa_Tunduma

Mbona mnakuza mambo. Huruma imeleta mabati. Wangemwonyesha anakamua, nani angetoa hela?

DadaPembejeo_Uyole

Wangemwonyesha anakamua, tungeuza maziwa. Kituo kinahangaika na soko la maziwa kuliko kinavyohangaika na magodoro, lakini hakuna aliyeuliza.

@Kamera_Mbovu asante sana kaka, nimenakili yote. Hilo la maktaba limeninyima usingizi.

MamaWawili_Njombe

Kamwene dada. Mimi nakupinga kidogo, usinichukie.

Binti yangu nilimfungia ndani. Naandika hivyohivyo bila kupamba. Mume alikuwa ameondoka, mimi naenda kuchuma chai, jirani alikuwa anamrushia mawe. Nilikuwa naufunga mlango kwa kamba. Jioni moja nilikuwa kwa dada yangu nikaona kwenye TV kipindi cha namna hiyo unayoisema, chenye kinanda na machozi yote. Sikukumbuka kinanda. Nilichoona ni mabinti wakubwa kama wangu, wamesuka nywele, wamekaa pamoja. Nikasema kumbe kuna mahali. Nikaanza kuuliza ustawi wa jamii pale halmashauri, nikazungushwa, nikarudi, mpaka akapata nafasi. Sasa anasuka mazulia ya mlangoni.

Kwa hiyo ukifunga geti, kuna mama mwenzangu na kamba yake hataona kitu. Fikiria huyo.

DadaPembejeo_Uyole

Mama, siwezi kukuchukia kwa hilo. Umenigusa pale nilipokuwa sijafika. Ila nikuulize: hao mabinti waliosuka nywele, kama wangeonyeshwa wanasuka mazulia badala ya kukaa tu, wewe ungeona kidogo au zaidi?

MamaWawili_Njombe

Zaidi. Ningejua hata la kumwandalia. Nilimpeleka na mashuka na sabuni, kumbe walitaka mkono wake tu.

Mndali_Ughaibuni

Mimi ni mtu wa Ileje, niko Uingereza, kazi yangu ni kuhudumia watu wazima wenye ulemavu wa akili. Nina mawili.

La kwanza, kijiji kama cha mdogo wako huku kipo na kilishaingia TV. Kinaitwa Botton, kaskazini mwa Yorkshire, bondeni katikati ya vilima visivyo na miti, baridi yake hata watu wa Isongole wangeiheshimu. Kilianza 1955. Kimetokana na vuguvugu la Camphill, lililoanzishwa Scotland karibu na Aberdeen na daktari Karl König, Myahudi wa Vienna aliyewakimbia Wanazi, yeye na wenzake. Mawazo yao ya kiroho ni mapana na si kila mtu anayakubali, lakini msingi wa maisha ni uleule wa kwenu: wenye ulemavu na wasio nao wanaishi nyumba moja, na kila mtu ana kazi, iwe ng'ombe, mkate au jibini. Mwaka 2005 Channel 4 ikarusha makala kuhusu Botton. Jina la makala? The Strangest Village in Britain. Yaani katika vijiji vyote vya Uingereza, hiki ndicho cha ajabu kupita vyote. Watu wanaoka mkate na kugombania zamu ya kuosha vyombo, hapo ajabu iko wapi? Kwa hiyo kwenye masharti yako ongeza jina la kipindi. Wengine hawaangalii kipindi, wanasoma jina tu na kuondoka nalo.

La pili, usidhani kamera ni adui. Mwaka 2011 BBC, kwenye kipindi chake cha uchunguzi kiitwacho Panorama, ilirusha picha za siri kutoka Winterbourne View karibu na Bristol. Hiyo ilikuwa hospitali binafsi ya watu wenye ulemavu wa akili. Mwandishi aliomba kazi ya uhudumu akaingia na kamera iliyofichwa. Wagonjwa walikuwa wanapigwa, wanaburutwa, wanamwagiwa maji. Mahali pale pakafungwa mwaka uleule, wafanyakazi 11 wakatiwa hatiani 2012, sita wakaenda jela. Kuna muuguzi aliyekuwa amelalamika kabla, na malalamiko yalikuwa yamelala mezani. Kilichowaamsha wakubwa ni TV.

Sasa hapo ndipo pagumu. Kituo kinachokataza kamera daima, mimi mwenyewe ningekitilia shaka.

Mwl_Mstaafu_Iringa

Naunga mkono alipoishia huyo. Nilisomea elimu maalumu Patandi, Arusha, na mfano mkubwa kwenye fani yetu ni Willowbrook, taasisi ya New York iliyolundika zaidi ya watu elfu tano, watoto na wakubwa, kupita uwezo wake. Januari 1972 daktari aliyekuwa amefukuzwa kazi alimwingiza mwandishi kijana wa televisheni, Geraldo Rivera, kwa ufunguo aliobaki nao. Watu waliona watoto uchi sakafuni, gizani. Kesi zikafunguliwa, na 1987 Willowbrook ikafungwa kabisa. Picha zile hazikuwa na staha yoyote kwa waliorekodiwa, na bado ziliwasaidia. Nimeishi na swali hilo miaka yote ya kufundisha na sijawahi kulimaliza.

Lakini mama, kwenu hakuna jinamizi la kufichua. Kwenu kuna kazi ya kuonyesha. Njoo Iringa uone Neema Crafts. Wapo tangu 2003, chini ya Kanisa Anglikana, Dayosisi ya Ruaha. Wengi pale ni viziwi na wenye ulemavu wa viungo, si wa akili, kwa hiyo usilinganishe moja kwa moja. Mgahawani anakuhudumia kiziwi, unaandika oda yako kwenye karatasi, kahawa inakuja. Mgeni anatoka pale na kikapu alichokinunua kwa bei kamili. Sijawahi kuona mtu anatoka akitoa pole. Mwambie mtayarishaji atembelee kwanza mahali kama pale, bila kamera, anywe kahawa.

Kifungu_Kwa_Kifungu

Kuhusu sheria, kwa ufupi. Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu mwaka 2009, na mwaka uliofuata ikatunga Sheria ya Watu Wenye Ulemavu, Namba 9 ya 2010. Ibara ya 8 ya mkataba inazitaka serikali zihimize vyombo vya habari viwaonyeshe watu wenye ulemavu kwa namna inayoheshimu utu wao, ya 22 inalinda faragha yao. Faragha pia imo kwenye Katiba yetu, ibara ya 16. Halafu kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, ambayo inahesabu taarifa za afya kuwa nyeti, na kutangaza ulemavu wa mtu pamoja na sura yake si jambo jepesi.

Kwa kipindi kilichokwisha rushwa, TCRA, yaani Mamlaka ya Mawasiliano, ina Kamati ya Maudhui na ofisi yao ya Kanda ya Nyanda za Juu Kusini iko hapo Mbeya. Ukitaka usuluhishi badala ya adhabu, Baraza la Habari Tanzania hupokea malalamiko ya maadili. Ningekuwa wewe ningeanza na barua kwa mhariri wao, nakala kwa kamati ya kituo. Mara nyingi barua moja yenye adabu na tarehe inabadilisha sauti ya simu.

Na swali: aliyesaini ridhaa ya mdogo wako alikuwa nani?

DadaPembejeo_Uyole

Mwenyekiti. Karatasi moja kwa wakazi wote.

Naomba mnisaidie hapa. Nataka mdogo wangu aamue mwenyewe, ila ni mtu wa ndiyo. Ukimuuliza "unataka chai?" ndiyo. "Hutaki chai, siyo?" ndiyo. Nitaijuaje ndiyo ya kweli?

Mndali_Ughaibuni

Huku England tunabanwa na sheria ya 2005 inayosema mtu asichukuliwe kuwa hawezi kuamua mpaka kila msaada unaowezekana umeshajaribiwa. Nikueleze ninavyofanya kazini. Siulizi kwa mdomo pekee. Naweka picha mbili mezani achague. Nauliza leo, nauliza keshokutwa nikiwa nimegeuza swali. Majibu yakigongana, basi hajaamua bado, narudi nyuma narahisisha. Na siulizi jambo lote kwa mkupuo. "Utarekodiwa?" ni swali kubwa mno. "Wakuone na ng'ombe?" "Wakuone unakula?" "Waingie chumbani kwako?" Kila moja lina jibu lake. Mrekodi kwa simu yako umwonyeshe, ajue kurekodiwa kunatokaje.

DadaPembejeo_Uyole

Nimerudi. Nilikwenda juzi.

Nilimrekodi akikamua, nikampa simu. Alicheka mpaka akakaa chini, akaita wenzake wote, wakairudia mpaka chaji ikakaribia kuisha. Halafu nikamwonyesha kile kipande cha TV, sauti nimezima. Akakitazama kimya, akaniuliza, "Bosi yuko wapi?" Bosi ni ng'ombe wake mkubwa, jike la mabaka.

Nikauliza kipande kwa kipande kama ulivyosema. Na ng'ombe, ndiyo. Siku ya pili na ng'ombe, ndiyo, na akaenda kuniletea gambuti anionyeshe atavaa zipi. Wakati wa kula, akatikisa kichwa. Chumbani, akasimama akaenda kusimama mlangoni kwake. Hilo nalo nikaliandika hivyohivyo. Mlezi akawauliza wengine kwa njia hiyo. Wawili hawataki kabisa kuonekana, na mmoja anataka aonekane akiwa amevaa suti tu, sijui tutaitoa wapi suti ya urefu ule.

Barua kwa mhariri imeshakwenda. Wamejibu kwamba wako tayari kukaa mezani, ila wanasisitiza namba ya kuchangia ibaki. Nimewaambia ibaki mwishoni, kwenye ukurasa mtupu, pamoja na namba ya kuagiza maziwa. Mwenyekiti alinuna kwanza, aliposikia maziwa akanunua wazo.

Kikao cha wazazi ni Jumamosi. @Mwl_Mstaafu_Iringa shikamoo mwalimu, mtayarishaji amekubali kupita Iringa akitokea Dar. @MamaWawili_Njombe nimewaomba waseme kwenye kipindi mzazi aanzie wapi kutafuta nafasi, kwa majina ya ofisi, si "wahusika".

MamaWawili_Njombe

Asante sana dada. Waseme na kwamba ukizungushwa urudi.

Kamera_Mbovu

Safi. Ila mmesahau mtandaoni. Siku hizi kipindi kinakatwa vipande vya nusu dakika na kusambazwa, na anayekata si yule mliyekubaliana naye. Ongezeni kwamba masharti yote yanahusu na vipande hivyo, la sivyo benchi litarudi kwa mlango wa nyuma. Nitumie rasimu kwenye ujumbe binafsi kabla ya Jumamosi niipitie. Na usiandike "picha" peke yake, andika "picha na sauti".